Kodi ya E9 kwenye Freti ya Saba

Katika funk, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, kodi ya kwanza (kodi ni sauti kadhaa zinazolia pamoja) anayoonyeshwa karibu kila mpiga gitaa ni E9. Kidole cha kati kinakaa freti ya saba (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya uzi wa tano, ukihesabu kuanzia uzi mwembamba, cha shahada freti ya sita ya uzi wa nne, na cha pete kinalala juu ya nyuzi tatu nyembamba, freti ya saba. Ukizipiga zote unapata E, G#, D, F# na B. Sisi tuliolelewa na kwaya za kanisani, tukasoma nyimbo kwa solfa, tunaziona hivi: do, mi, ta (ti iliyoshushwa nusu), re, so. Karibu kila ninachokijua kuhusu gitaa la funk kimeanzia kwenye sauti hizo tano, na zilinifungukia ndani ya nyimbo ambazo watu wote wanazijua, nikizipiga usiku baada ya usiku katika bendi ya hoteli huku Pwani ya Kenya.

Bendi ya hoteli ni shule ya aina yake. Wageni wanapokula unapiga polepole: "Malaika", "Jambo Bwana", rumba mbili tatu. Sahani zikishaondolewa watu wanataka kusimama, na hapo orodha inageuka. Inakuja "Sex Machine", inakuja "Good Times", inakuja "Play That Funky Music", na siku hizi "Get Lucky" haikosekani. Mgeni anazijua nyimbo hizo tangu ujana wake. Gitaa likikaa vibaya hatakwambia kosa ni kodi gani, lakini ataketi. Ndiyo maana nasema ni shule: mtihani unasahihishwa palepale, kwa miguu ya watu.

Nilipoingia kwenye bendi hiyo nilikuwa na mkono wa rumba. Mkono huo una faida yake, kwa kuwa mpiga ridhimu wa rumba amezoea kukaa kwenye nyuzi nyembamba, akivunjavunja kodi sauti mojamoja na kuziacha zilie. Funk nayo inataka nyuzi hizohizo, ila inataka sauti ikatwe mara tu inapozaliwa. Aliyenifungulia mlango alikuwa mpiga besi wetu, mzee aliyekuwa akipiga hotelini tangu kabla sijajua kutuni gitaa. Jioni ya mazoezi, tukiwa kwenye E, alishusha sauti ya besi akaniita karibu. "Mwanangu," akasema, "hiyo E ya chini ni yangu. Na hiyo B ya chini pia ni yangu. Wewe panda juu, unipe kile ambacho mimi sina." Nikaitikia, "Sawa, Mzee," nikaondoa kidole kwenye uzi wa tano.

Kilichobaki mkononi kilikuwa nyuzi nne: G#, D, F#, B. Mi, ta, re, so. Do haipo. Ukiipiga peke yako chumbani, kodi hiyo inaelea, haijui nyumbani ni wapi. Mtu anayesikiliza kutoka nje anaweza kuapa kwamba ni B ndogo iliyoongezewa sauti ya sita, na hatakuwa amekosea, kwa sababu sauti ni zilezile. Besi ikishapiga E chini yake, kila kitu kinatulia. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo chati za kodi haziwezi kumfundisha mtu: kodi ya funk haikai mkononi mwa mpiga gitaa peke yake. Nusu yake imo kwenye besi, kipande kiko kwa tarumbeta na saksafoni, kipande kwenye kinanda. Unachoshika wewe ni sehemu iliyobaki, na huwezi kujua sehemu iliyobaki ni ipi mpaka uwe ndani ya wimbo.

Niongeze hapa neno kwa anayejifunzia nyumbani kwa simu. Spika ya simu haitoi besi. Ukipiga kodi isiyo na do ukifuata wimbo unaotoka kwenye simu, masikio yako yatakudanganya kwamba umekosea, nawe utarudisha E ya chini ili ujisikie salama. Tumia visikizi, au spika yenye kifua. Ni jambo dogo, lakini limewarudisha nyuma vijana wengi ninaowajua.

Mtu aliyeiweka E9 mahali pake kwenye muziki huu ni Jimmy Nolen. Alizaliwa Oklahoma mwaka 1934, akakulia kwenye bluzi, akimpenda sana mpiga gitaa wa bluzi T-Bone Walker, na kodi hizi za tisa zilikuwa tayari mikononi mwa watu wa bluzi kabla funk haijapata jina. Mwaka 1965 aliingia kwenye bendi ya mwimbaji James Brown, na mwaka huohuo wakarekodi "Papa's Got a Brand New Bag". Muundo wake ni bluzi ya ba 12 (ba ni fungu moja la mapigo) kama nyingine nyingi. Lakini kila mzunguko unapofika mwisho, vyombo vyote vinanyamaza na gitaa linabaki peke yake likipiga E9 kwa kasi, juu kabisa, kavu, kama dramu yenye nyuzi. Nimesikiliza kipande hicho kwa miaka na bado kinanifanya ninyooke kwenye kiti. Gitaa lilikuwa limepewa nafasi ya peke yake bila kuambiwa lipige solo. Limepewa kodi moja na mkono wa kulia, basi.

Anayetaka kuupiga wimbo huo pamoja na rekodi ajue kwamba toleo lililouzwa liliongezwa kasi kabla ya kutolewa, na kwa hiyo sauti ikapanda. Toleo refu ambalo halikukatwa, lililokuja kutolewa mwaka 1991, liko chini kidogo. Gitaa lililotuniwa sawasawa litakubaliana na toleo la kwanza na kukataa la pili. Usianze kutilia shaka masikio yako.

Wimbo huu ndio ulionifundisha jinsi kodi zinavyopokezana. Bluzi ya E inakwenda E, A na B. Kwa njia ya kitabu unaondoka na umbo zima la E9, unalikimbiza hadi freti ya kumi na mbili kuipata A9, kisha hadi ya kumi na nne kuipata B9. Inawezekana, na ukiwa na mkono mwepesi watu hawatalalamika. Ila sauti zinaruka zote kwa pamoja, na mtu aliyeimba kwaya anaumia kidogo, maana mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akituambia kila sauti itafute noti iliyo karibu nayo. Siku moja nilikaa na kalamu nikaziandika nyuzi zangu nne kana kwamba ni besi, tenori, alto na soprano. E9: freti 6, 7, 7, 7. Yaani mi, ta, re, so. Nikajiuliza: A inahitaji nini, na ni nani kati ya hawa wanne anayelazimika kuondoka?

Jibu lilikuwa watu wawili tu. Uzi wa nne unashuka freti moja, kutoka G# hadi G. Uzi wa tatu unashuka freti moja, kutoka D hadi C#. Zile mbili za juu, F# na B, hazisogei kabisa. Umepata 5, 6, 7, 7, na besi ikipiga A hiyo ni A13, kodi yenye mng'ao ambao A7 ya kawaida haina. Kwa solfa ya E, mi imeshuka kuwa ma, ta imeshuka kuwa la, huku re na so zikisubiri. Kisha B inapofika unalichukua umbo hilohilo la A13 na kulipandisha freti mbili: 7, 8, 9, 9. Mkono wa kushoto haujatoka kwenye eneo la freti tano, na bluzi nzima imekamilika.

Sidai kwamba hivyo ndivyo Nolen alivyopiga kila ba. Ninachosema ni kwamba wimbo ndio ulionionyesha. Kodi hizo tatu nilikuwa nimezijua kwa majina muda mrefu, zikiwa kurasa tatu mbalimbali. Ndani ya "Papa's Got a Brand New Bag" ziligeuka watu wanne wanaoimba pamoja, na tangu hapo sijaweza kuziona vinginevyo.

"Sex Machine" ulikuja kunifundisha kuhusu uzi wa kwanza. Ni wa mwaka 1970, na wakati huo bendi ya James Brown ilikuwa imebadilika ghafla: wanamuziki wake wa zamani walikuwa wamesusa kwa ajili ya malipo, na vijana kutoka Cincinnati wakaletwa kuziba pengo. Miongoni mwao alikuwa Bootsy Collins kwenye besi na kaka yake, Phelps, ambaye watu wanamwita Catfish, kwenye gitaa. Umbo ni lilelile la tisa, limeshushwa freti moja kuwa Eb9. Tofauti ni kidole kidogo. Kinanyooka kutoka freti ya sita hadi ya nane kwenye uzi wa kwanza, kinagusa, kinarudi. So, la, so. Kodi imebaki palepale kwa muda mrefu sana na msikilizaji hachoki, kwa sababu ile sauti ya juu inampa kitu cha kufuata.

Nilipoligundua hilo nilianza kuzisikiliza nyimbo zote za kodi moja upya. Funk ina nyingi. "Cold Sweat" ya mwaka 1967 inakaa mahali pamoja karibu muda wote kabla ya kuhamia darajani, yaani sehemu ya kati ya wimbo inayobadilika. Mtu aliyezoea nyimbo zenye kodi nyingi anaona hapo hakuna kazi, kumbe kazi imehama: haiko tena kwenye kubadilisha kodi, iko kwenye kuchagua sauti ipi iwe juu na lini isogee. Soprano ikikosea, kwaya nzima inasikika imekosea. Gitaani ni hivyo hivyo. Watu wanausikia uzi wa kwanza.

Na kwenye "Sex Machine", James Brown anapowauliza wenzake kama awapeleke darajani, muziki unahamia Ab. Hapo mkono wangu unafanya ule mchezo wa bluzi niliousimulia: nyuzi mbili nene zinashuka freti moja, nyembamba zinakaa. 5, 6, 6, 6 inakuwa 4, 5, 6, 6. Jukwaani mara ya kwanza nilipoupiga mpito huo bila kuruka, Mzee wa besi aligeuka akanitazama akatikisa kichwa kwa kukubali, na kwa mtu yule hiyo ni sifa kubwa.

Mkono wa kulia nimeutaja tu kwa kupita, ingawa bila wenyewe haya yote ni nadharia. Shuleni Kenya tulifundishwa mapigo kwa majina: taa, ta-te, na lile la haraka, tafatefe. Tafatefe ndiyo pumzi ya gitaa la funk. Pigo moja lina vipande vinne, ba moja ina kumi na sita, na mkono wa kulia unakwenda chini, juu, chini, juu bila kusimama hata kama hakuna kinachosikika. Ta na te ni chini, fa na fe ni juu. Kinachoamua sauti itoke au isitoke ni mkono wa kushoto: ukikaza vidole kodi inalia, ukivilegeza bila kuviinua kwenye nyuzi unapata mkwaruzo mkavu. Ndiyo maana umbo la kodi lazima liwe jepesi. Kodi ya nyuzi sita huwezi kuikaza na kuilegeza mara kumi na sita kwa ba ukabaki na usafi. Ya nyuzi tatu au nne unaweza. Kodi nyembamba na mkono wa haraka vinahitajiana, na mtu anayejaribu kujifunza kimoja bila kingine atakwama.

Zoezi langu kwa muda mrefu lilikuwa kupiga tafatefe ya mkwaruzo mtupu kwa wimbo mzima, nikiruhusu kodi ilie mahali pamoja tu katika ba, kwanza kwenye ta ya pigo la kwanza. James Brown aliwadai wanamuziki wake pigo hilo la kwanza kuliko kitu kingine chochote. Ukilishika, unaweza kuweka kodi nyingine popote na wimbo hauanguki.

"Good Times" ya Chic ni dunia nyingine. Ni ya mwaka 1979, New York, disko imekwisha kukomaa, na wanaoiendesha ni Nile Rodgers kwenye gitaa na Bernard Edwards kwenye besi. Besi ya Edwards ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka huohuo iliibeba "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang. Kodi ni mbili, Em7 na A, zikipokezana. Kitabu kitakupa maumbo mawili makubwa na kukuacha ukimbie katikati yake. Mimi napiga Em7 hivi, kutoka uzi wa nne hadi wa kwanza: 5, 7, 5, 7. Sauti ni G, D, E, B. Besi inapohamia A, ninasogeza kidole kimoja tu: uzi wa tatu unashuka kutoka freti ya saba hadi ya sita, D inakuwa C#. Nimepata 5, 6, 5, 7, ambayo juu ya A ni A9.

Sauti moja, hatua ndogo kuliko zote gitaani, na kodi imebadilika jina na hisia. Ukiifikiria kwa ufunguo wa D, ni do inayoshuka kwenda ti. Mwanakwaya yeyote anajua jinsi ti inavyovuta. Ndiyo inayokufanya usubiri kitu. Katika "Good Times" hicho unachokisubiri hakiji. Inarudi Em7 tena, na tena, na watu wanacheza ndani ya kungoja huko. Sijui wimbo mwingine unaoonyesha jambo hili kwa uwazi namna hiyo, na ningekuwa na mwanafunzi mwenye saa moja tu ya kujifunza, huu ndio ningempa.

Rodgers huyohuyo ndiye anayesikika kwenye "Get Lucky" ya Daft Punk, mwaka 2013, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kodi ni nne zinazozunguka mwanzo hadi mwisho: Bm7, D, F#m7, E. Rodgers mwenyewe anazungushia mambo mengi mkononi na sijaribu kumwiga. Nilitaka kujua tu mzunguko huo unaweza kupigwa kwa sauti chache kiasi gani ukabaki kuwa yenyewe. Nikachukua nyuzi tatu, wa nne, wa tatu na wa pili.

Bm7 bila B yake ni A, D, F#: freti 7, 7, 7, kidole kimoja kimelala. Kodi ya pili ni D. Na D ni nini? Ni D, F#, A. Ni zilezile! Mkono hausogei. Besi inatoka B kwenda D, na mchezaji kule chini anasikia kodi mbili wakati mimi nimeshika moja. Nilipoliona hilo niliweka gitaa chini kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikihama kutoka Bm kwenda D kana kwamba ni safari, kumbe anayesafiri anaweza kuwa mwenzangu.

Kisha F#m. Uzi wa tatu unashuka freti moja, D hadi C#, na umepata 7, 6, 7: A, C#, F#. Mtu mmoja kati ya watatu amesogea, nusu hatua. E ya F#m7 nimeiacha. Halafu E, na hapa ndipo penye uzuri: wote watatu wanashuka pamoja ngazi moja. A inakwenda G#, C# inakwenda B, F# inakwenda E. Freti 6, 4, 5. Baada ya kodi tatu ambazo karibu hazisogei, kushuka huko kwa pamoja kunasikika kama tukio, ingawa ni kodi ya kawaida kabisa ambayo mtoto hufundishwa wiki ya kwanza. Ukiimba sauti ya kati peke yake, kwa ufunguo wa D ni do, do, ti, la. Ni wimbo mdogo kamili. Nimewaimbisha wenzangu wa bendi sauti hizo tatu bila vyombo, na ikawa wimbo wa kwaya.

Kuna nyimbo nilizopita haraka. "Play That Funky Music" ya mwaka 1976 ilinipa E9 ileile na furaha ya kuiona ikimfurahisha kila mtu, na zaidi ya hapo sikuwa na la kuchimba. Nyingine zilinigomea kwa sababu ya haki kabisa: nilihangaika na mwimbaji na mpiga gitaa Curtis Mayfield, nikitafuta vidole gani vinaweza kutoa ile milio yake laini, hadi nilipojua kwamba gitaa lake halikutuniwa kama langu. Alilituni F#, A#, C#, F#, A#, F#, akifuata vibao vyeusi vya piano. Maumbo yake ni ya gitaa hilo. Unaweza kuazima sauti, lakini vidole vitakuwa vyako mwenyewe.

Watu wa hapa huniuliza kwa nini nijisumbue na muziki wa Wamarekani wakati Pwani ina muziki wake. Huwajibu kwamba funk si mgeni wa jana huku kwetu. Wazee wa Mombasa wanamkumbuka Slim Ali na Hodi Boys wakipiga soul miaka ya 70. Matata, bendi nyingine, walitoka Kenya wakaenda London na kurekodi funk ambayo wakusanyaji wa rekodi bado wanaitafuta. Dar es Salaam soul ilipendwa na vijana kiasi cha kupigwa marufuku mwishoni mwa 1969, na bado haikupita miaka mingi kabla bendi ya Sunburst haijaichanganya na mapigo ya nyumbani. Septemba 1974 James Brown mwenyewe alikuwa Kinshasa, kwenye tamasha lililotangulia pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Ukisikiliza bendi zetu za miaka hiyo kwa makini, nyuma ya sauti za kuimba, utalikuta gitaa la ridhimu likikwaruza tafatefe kwenye nyuzi tatu nyembamba. Mkono huo ulikuwa hapa kabla yangu.

Kijana ninayemfundisha sasa alikuja na kitabu cha kodi elfu moja na kitu. Ni kijana mwenye bidii na nimemwambia akitunze, kuna siku atakihitaji. Lakini tunaanza na nyimbo. Kila wimbo anaulizwa maswali yaleyale: besi inapiga nini? Basi hicho ondoa. Kinanda kinakaa wapi? Hapo pisha. Sauti yako ya juu ni ipi, na inakwenda wapi kodi ikibadilika? Akinijibu kwa kuimba ndipo anaruhusiwa kushika gitaa. Nilimpa pia "Cissy Strut" ya The Meters, New Orleans, mwaka 1969, kwa sababu gitaa la Leo Nocentelli na besi ya George Porter Jr. vinakwenda pamoja kwenye mstari uleule wa noti mojamoja. Akatafuta kodi, hakuiona, akaniangalia. Nikamwambia aangalie kinanda cha Art Neville kinafanya nini.

Mwezi huu bendi inaandaa "Pick Up the Pieces" ya Average White Band, wale Waskoti waliorekodi mwaka 1974 funk ambayo wengi waliisikia redioni bila kukisia imetoka kwa watu wa wapi. Magitaa ni mawili, kwa hiyo kijana amepata nafasi. Yeye anashika mstari wa noti zilizozibwa kwenye nyuzi nene. Mimi nina Fm7 ya nyuzi tatu nyembamba, 8, 9, 8: Eb, Ab, C. Mzee ana F yake. Kinanda tumekiomba kikae kimya hadi katikati. Tumebakiza kupata mpiga saksafoni, maana wimbo huo bila saksafoni haupigiki, na wa kwanza tuliyemjaribu anapatikana Jumapili tu.